Uso Juu ya Ukoko wa Chumvi

Sogeeni karibu, na anayesinzia aende zake akalale sasa hivi, kwa sababu hadithi hii ikifika mwisho haitakuwa yangu tena. Nitawatupia nyinyi. Nimeisimulia mahali pengi, na watu waliokuja wameshikana mikono wameondoka kila mmoja kwa njia yake. Msije mkanilaumu.

Katika mji wa Kimunyu walikuwako watu watatu wasio na kamba. Lazima niwaeleze habari ya kamba kwanza, la sivyo hamtaelewa kitu. Kimunyu ni mji wa kuchemsha chumvi. Maji makali ya chumvi hutoka chini ya ardhi, watu huyachota visimani, huyachemsha katika makarai mapana mpaka yakauke, kisha hukwangua chumvi wakauza. Kila nyumba ina kisima chake, na kila mtu wa nyumba ana kamba yake ya kuchotea, imetundikwa ukutani karibu na mlango. Mwenye kamba ana kwao. Asiye na kamba huchota kwa kuombaomba, huchemsha kwa hisani ya mtu, na hulala penye nafasi.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Mayunga, fundi wa makarai, mzee mwenye kikohozi cha moshi. Kipaji chake kilikuwa katika vidole. Ukimpa bati, ngozi, gome la mti au gae la chungu, alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, halafu akakuambia kitu hicho kitabeba nini na kitakataa nini. Alikuwa hajawahi kukosea, na hilo lilimpa maringo kidogo, maana masikini hakuwa na kingine cha kuringia.

Mwingine alikuwa Sizya, mwanamke aliyerudishwa kwao na mumewe, akafika akakuta kwao hakupo tena. Kipaji chake kilikuwa rangi. Alizitoa katika mizizi, katika majivu, katika mavi ya mbuzi, katika chochote ambacho mtu mwingine angekiruka njiani. Hiyo ndiyo iliyomvunjia ndoa. "Nikifunua chungu nikidhani ni mboga, nakuta misumari inachemka," mumewe alilalamika mbele ya wazee, na wazee wakamwonea huruma mwanamume yule.

Wa mwisho alikuwa Luhende, kijana aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa mtumbwi. Alichokiona kwa jicho mara moja, mkono wake uliweza kukirudisha. Alichora punda mchangani kwa kijiti, na mwenye punda akipita alisema, "Huyu ni wangu, na hapo alikuwa anaumwa mguu."

Sasa mwenye hadithi. Jina lake Nyamizi, lakini mji mzima ulimwita Mama Kalunde, kwa jina la binti yake wa pekee. Mwishoni mwa mvua zilizopita Kalunde alipanda mtumbwi kupeleka chumvi ng'ambo, mto ukaja na maji ya ghafla, mtumbwi ukapinduka. Luhende aliyekuwa anapiga kasia alitapikwa na mto kwenye matete, hai. Kalunde hakuonekana. Wazee walimwuliza Luhende aliona nini, akasema, "Maji yalikuwa mengi, sikuona kitu." Wakamwamini. Nyamizi naye akamwamini, na tangu siku hiyo kila aliyemsalimu "Shikamoo, Mama Kalunde" alikuwa kama amemzaba kofi kwa adabu.

Na hakuweza kulia. Desturi ya Kimunyu ni hii: aliyechukuliwa na mto bila mwili kupatikana haliliwi. Mkeka wa matanga hautandikwi, nywele hazinyolewi, sauti haipandishwi, kwa sababu ni kumwita maiti mtu ambaye hajaonekana kafa. Nyumba husubiri. Kinachoweza kufungua msiba ni sura: uso wa marehemu uliotengenezwa kwa mkono wa mtu, uingizwe mlangoni kama mwili ungeingizwa, ulazwe mkekani, kisha uzikwe. Aliyeuleta ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na kamba ya marehemu huwa yake. Kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile.

Zamani sura zilichongwa kwa mti. Lakini Kimunyu ilikuwa imekwisha kuchoma miti yake yote chini ya makarai, hata kuni zilitoka mbali kwa mikokoteni, na mchongaji wa mwisho alihama kwa kukosa cha kuchonga. Basi Nyamizi alikaa mlangoni na kinyongo chake, akitazama kamba mbili ukutani. Yake ilikuwa nyeusi kwa mikono. Ya Kalunde ilianza kufanya ukungu.

Ndipo Kapembe, mzee wa visima, alipotangaza kwamba maji yameshuka. Alisimama pale watu wanapopanga foleni ya kuchota, akasema, "Wasio na kamba waondoke kabla ya mvua ya kwanza. Na kamba mpya haitafungwa hata moja. Asije mtu kwangu na kuku."

Kila mmoja alijua nje ya Kimunyu kuna nini: jua, na njia, na miji mingine isiyotaka wageni. Nyamizi alikuwa na ndoo kichwani. Aliitua chini.

"Nyumba yangu ina kamba mbili," alisema. "Atakayeniletea sura ya mwanangu, kamba ya mwanangu ni yake."

Akajitwika ndoo, akaenda zake upesi na kufunga mlango, kwa sababu kulia ilikuwa kosa.

Walikuja wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akijua yeye peke yake anatosha.

Alikuja Luhende na mkaa. Hakusema mengi, aliomba ukuta. Akachora paji la uso na shavu la Kalunde juu ya ukuta wa jikoni, na Nyamizi alilazimika kushika mlango, kwa vile lilikuwa shavu lenyewe. Lakini kuta za Kimunyu hutoa unga wa chumvi. Kulipopambazuka ukuta ulikuwa umejikung'uta, na mkaa wote ulikuwa chini sakafuni pamoja na unga.

Alikuja Mayunga na kipande cha karai kuukuu alichokisugua mpaka kikang'aa. Alikigonga mbele ya Nyamizi ili asikie. "Hiki hakigeuki vumbi, Mama Kalunde. Hiki utakizika na wajukuu wa mji huu watakifukua kikiwa hivi hivi." Nyamizi aliuliza, "Na mwanangu yuko wapi hapo, Mzee Mayunga?" Mayunga alikitazama kipande kile kitupu, akakohoa, akakichukua akaondoka nacho.

Alikuja Sizya na magae ya vyungu, kila gae na rangi yake. Alionyesha moja, akasema, "Hii ni ngozi yake akiwa juani. Hii ni ngozi yake akiwa jikoni." Alisema kweli. Nyamizi alichovya kidole, akajipaka mkononi, akautazama mkono wake kwa muda mrefu kama mkono wa mtu mwingine.

"Mmoja kaniletea sahani bila chakula," Nyamizi alisema alipowaita wote watatu, "mwingine mchuzi bila sahani, na mwingine chakula kamwaga chini. Nendeni mkapike pamoja, nyinyi watu. Mvua hainingoji mimi."

Wakaenda. Walikaa kwenye kibanda cha Mayunga nyuma ya majalala ya chumvi, na hapo walikosana kuliko walivyopatana. Jambo lililowashinda lilikuwa chumvi. Katika mji ule iko hewani, iko kwenye maji, iko kwenye jasho la mtu, na kila walichokichora ilikila. Walijaribu ngozi ya mbuzi. Ikatoa maji, ikajikunja kama jani. Walijaribu gunia la katani. Likakakamaa, likapasuka katikati ya jicho. Kibuyu kiliota ukungu. Bati la Mayunga, lile la kufukuliwa na wajukuu, lilishika kutu kwenye pua kabla shavu halijakauka. Rangi nazo zilikufa moja moja. Manjano ilipauka, majani yakageuka kijivu, matunda ya porini yakaliwa na mchwa. Sizya alizipima kwenye mikono yake mwenyewe mpaka mikono ikababuka.

Nyamizi aliwapelekea uji. Hakuingia ndani. Alisimama nje akasikiliza wanavyogombana juu ya uso wa mwanawe, huyu akisema nyusi zilikuwa nzito, yule akisema ni kivuli tu, na kwa aibu kubwa aligundua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alimzaa, alimwogesha, alimsuka nywele, na sasa nyusi zilikuwa zimemtoka. Hilo lilimtisha kuliko mto.

Siku moja Mayunga alikuwa anagongoa ukoko. Mnaujua ukoko wa wali. Basi chumvi nayo ina wake. Karai likichemshwa muda mrefu, chini yake hujenga tabaka nyeupe, ngumu, lisilofaa kuliwa wala kuuzwa, na mafundi hulivunja kwa nyundo na kulitupa. Mayunga alikuwa amevunja ukoko maisha yake yote. Siku hiyo aliinua nyundo, akashuka nayo polepole, akagonga kwa kidole badala yake. Alisikiliza. Kisha akaanza kuubandua kwa patasi pembeni, taratibu, akikohoa huku amefumba mdomo ili asiutikise, mpaka akautoa mzima, mpana kama ungo, mweupe, laini upande uliokuwa umelalia karai.

"Chumvi haitakula hiki," alisema. "Hiki ni chumvi yenyewe."

Sizya alijua mara moja kwamba juu ya ukoko ule maji hayafai. Aliponda kutu ya makarai, akaichanganya na kiini cha yai, na ili apate mayai alimbembeleza kuku wake wa mwisho mpaka kuku akachoka, akamla. Kwa midomo alitumia udongo mwekundu na mafuta ya nyonyo. Kilichobaki kilikuwa weusi wa nywele. Masizi ya jikoni yalitoa kijivu, mkaa ulitoa vumbi, na Luhende kila mara alitikisa kichwa. Basi Sizya alichukua wembe, akanyoa kichwa chake, akazichoma nywele zake kwenye gae, akazisaga na mafuta. Huo ukawa weusi wenyewe. Nanyi mmeshasikia nilivyosema: katika Kimunyu anayenyolewa ni mfiwa. Mwanamke aliyenyoa kwa ajili ya maiti fulani amejifunga na nyumba ya maiti huyo, na nyumba nyingine haitampokea tena, wala mwanamume mwingine hatamposa. Alijua hivyo aliposhika wembe.

Luhende alichora kwa kidole na kwa unyoya wa yule kuku. Hakuweza kula alipokuwa anachora. Wenzake walidhani ni bidii. Alianza na macho, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa punda, na alipoyamaliza alitoka nje akaosha mkono wake, akarudi, akaendelea na mdomo. Alipomaliza alikaa chini, akageuzia ukuta uso wake. Mayunga na Sizya walisimama mbele ya ule ukoko wakautazama mpaka mwanga ukaisha.

Wakaubeba. Mlangoni kwa Nyamizi mambo yakawa kichekesho, na mimi huwa nacheka hapa kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Mlango ulikuwa mwembamba, na desturi inasema aliyeileta sura ni yule anayeingia nayo. Hakuna aliyekubali mwenzake atangulie. Waliingia kiubavuubavu, watatu kwa pamoja, wamebanana, mzee anakohoa, mwanamke anasema "usinikanyage", kijana ameushika upande wa chini, na uso wa marehemu katikati yao nusura uvunjikie kizingitini. Kapembe, aliyekuja kushuhudia, aliuliza, "Nani kaileta?" Wote watatu wakasema, "Mimi."

Nyamizi hakuwageukia. Alikuwa anautazama ule uso.

Alikuwa Kalunde. Nyusi zilikuwa nzito, haikuwa kivuli. Nywele zilikuwa zimemlala kichwani, zimemganda kwenye paji kama za mtu aliyeloa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Macho yalikuwa makubwa, yanamtazama mtu, na mtu huyo hakuwa mama yake.

Mkeka ukatandikwa. Wanawake wakapandisha sauti, na Nyamizi akalia kilio chake chote cha kiangazi kizima, mpaka akabaki na kwikwi tu. Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba. Watu walipotoka nje kungoja, alibaki yeye na wale watatu. Nyamizi alijifuta pua kwa ncha ya kanga, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anamtazama nani?"

Mayunga alimwangalia Sizya. Sizya alimwangalia Luhende.

"Mimi," Luhende alisema.

"Ulisema hukuona kitu."

"Niliona, Mama. Alikuwa karibu kama ulivyo wewe hapo. Nilikuwa nimeshika matete kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa mtupu." Alitazama mkono wake. "Sikuunyoosha. Niliogopa atanivuta. Akaniita kwa jina. Sikujua hata kwamba analijua jina langu."

"Hukuwa na uso wake mwingine wa kuchora?"

"Nimejaribu, Mama. Nilimvusha mara nyingi, alikuwa anacheka sana. Kila nikianza, mkono unarudi kwenye uso huo huo."

Nyamizi hakumpiga. Nguvu za kumpiga alikuwa nazo, na kijana alikuwa amesogea karibu kabisa, kama anayeziomba. Aliinamisha tu uso akamtazama binti yake akiita jina la mtu ambaye hakunyoosha mkono, akafikiri: hata hivi, ni yeye. Hata hivi sina mwingine.

Mayunga ndiye aliyeanza. "Mama, nisamehe nikisema mbele ya msiba. Huyu kijana kajitoa mwenyewe. Bila ukoko wangu mngekuwa mnatazama vumbi sakafuni. Mimi nimefanya kazi kwenye kisima cha kila mtu katika mji huu, na sina changu. Kifua hiki hakifiki mji wa pili. Ukinitoa, utakuwa umenizika na mimi, ila mimi bila sura."

Sizya akasema, "Mzee, ukoko wako ulikuwa mweupe kama mayai ya mjusi mpaka nilipoupa damu. Mama, nitazame kichwa. Nimemlilia mwanao kabla mkeka haujatandikwa, nikijua ni kosa. Hakuna mlango mwingine utakaonifungukia na kipara hiki. Nimeshakuwa wa nyumba hii upende usipende."

"Na wewe?" Nyamizi alimwuliza Luhende.

"Mimi sidai kamba."

"Basi kwa nini uliingia mlangoni ukisema 'mimi'?"

"Nilitaka udongo wa kwanza, Mama. Nilitaka mkono huu umfikie, walau kwa udongo. Halafu mnifanye mnavyotaka." Nyamizi alimtazama macho yake, na alivyokuwa mtu mzima aliyezika watu, alijua kwamba akimfukuza bila udongo ule kijana hatakwenda mbali. Atakwenda mtoni.

Akawaambia, "Kesho."

Kesho yake akasema kesho tena. Aliuweka uso mapajani, akakaa mlangoni. Alimwambia Kalunde habari za majirani. Wanawake walileta chakula, kisha wakaleta kidogo, kisha wakawa wanapita wakitazama pembeni. Sizya alikaa upande mmoja wa kizingiti, Mayunga upande wa pili, Luhende uani karibu na kaburi lililo wazi, kila mmoja na kifurushi chake cha safari miguuni, wanangoja kama watu wa foleni ambayo mbele yake dirisha limefungwa.

Kapembe alikuja na fimbo yake. "Mama Kalunde, zika. Mvua ikianza, kaburi litajaa maji ya chumvi, na huwezi kuchimba jingine mpaka kiangazi. Msiba utafungwa tena. Hawa wote watatu wataondoka na kamba itaoza."

"Nitamzika nikishamshiba."

"Sura nyingine huzikwa siku ileile. Mume wa dada yangu alichongewa kitu kama mchi, tukakizika kabla ya chakula na kila mtu akaridhika." Kapembe aliinama akautazama uso, akaondoa macho upesi. "Hawa wamekosea. Wameitengeneza vizuri mno."

Hapo mzee wa visima alisema kweli. Walikuwa wameshughulika na chumvi, na moshi, na kutu, na mchwa, wakasahau kufikiri kwamba kitu cha kuzikwa hakitakiwi kupendeza. Nyamizi alimwita Mayunga, akamwuliza, "Mzee wangu, nikimweka ndani, nikamfunika na nguo, atadumu?"

Mayunga alitaka sana kudanganya. Aliunyoosha mkono wake, akaugonga ukoko kidogo pembeni, kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Ni chumvi, Mama," alisema. "Kiangazi ni jiwe. Mawingu yakija, chumvi hutoa jasho, wewe unalijua hilo toka utotoni. Sisi tulijua ni ya kuzikwa."

Mawingu yalikuja alasiri ileile, kutoka upande wa mto. Hewa ikawa nzito. Kwanza Nyamizi alidhani ni machozi yake yamedondoka, maana kulikuwa na tone kwenye paji la uso wa Kalunde. Halafu likawa jingine kwenye shavu. Halafu uso mzima ukaanza kutoka maji, vitone vidogo vidogo, kwenye nywele, kwenye midomo iliyo wazi, chini ya macho, na binti yake akawa anaonekana kama ndiyo kwanza anaibuka mtoni. Nyamizi alichukua ncha ya kanga akamfuta. Alipoinua kanga, unyusi mmoja ulikuwa umekuja nayo.

Akapiga ukelele. Sizya alikimbia na gae lake. Rangi haikushika kwenye majimaji. Mayunga alileta moto wa kukaushia. Ukoko ukalia kama unaotaka kupasuka, akauondoa moto. Luhende alisimama tu mikono imening'inia, akitazama uso ule ukizama mara ya pili mbele yake.

Nyamizi akainuka. Alikwenda ukutani, akaitungua kamba ya Kalunde, akaiweka begani. Akamchukua mwanawe kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya nyumba, akashuka akamlaza mwenyewe chini kaburini, uso juu. Mtu mmoja alilazimika kumpa mkono ili apande, akaushika mkono uliokuwa karibu bila kutazama ni wa nani. Ulikuwa wa Luhende. Aliuachia haraka.

Sasa wako hapo, wamezunguka shimo. Mayunga ana udongo mkononi, kifua kinampiga. Sizya ana udongo mkononi, upara wake umeloa. Luhende ana udongo katika mkono uleule. Nyuma yao Kapembe anashika fimbo na kusema, "Mama Kalunde, mmoja tu," na tone la kwanza la mvua limeanguka juu ya bati la jirani, kila mtu amelisikia. Chini kule jicho la kushoto limeshaanza kutiririka. La kulia bado linatazama juu.

Msiniambie awachukue wote. Kamba ni moja, na maji ya kisima chake, niwaambie ukweli, yalikuwa yameanza kutoka na matope. Huyo mmoja atakayebaki hana uhakika wa kuona chumvi mwaka wa pili. Msiniambie pia asimchague yeyote, kwa sababu udongo wa kwanza usipotupwa kaburi ni shimo tu, na mvua inakuja. Kuna aliyempa Kalunde mahali pa kulala. Kuna aliyempa mwili, akatoa na nywele zake. Na kuna aliyempa uso, alionao kwa sababu hakunyoosha mkono. Wawili watakaokosa, mmekwisha sikia wanakwenda wapi.

Wewe uliyekaa hapo mbele, uliyekuwa hulali. Kamba iko begani mwako, na jicho moja bado linakutazama. Udongo wa kwanza unampa nani?